Rafiki yangu anajulikana nchi nzima, lakini kwangu huja usiku tu

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 47, fundi wa nguo hapa Tororo. Nina cherehani mbili, msichana mmoja ninayemfundisha kazi, na mume mtaratibu. Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wenzangu. Leo limenifika mimi, na uniwie radhi barua ikirefuka, kwa sababu jambo lenyewe sijawahi kumsimulia mtu.

Nina rafiki. Sitamtaja jina, nawe ukimkisia tafadhali usimtaje. Ni mwigizaji. Alianzia jukwaani Kampala, akaingia kwenye tamthilia za runinga, na siku hizi hata mtoto wa darasa la pili akiisikia sauti yake anageuka. Wengi wanamjua kama yule mke mwenza mwenye roho mbaya. Mimi namjua tangu tukichota maji kwenye bomba moja la kota za reli.

Baba yake alikuwa fundi wa injini, wangu mshika bendera. Kota ilichanganya Jopadhola, Waiteso, Wasamia, Waacholi na watu wa ng'ambo ya Malaba, hivyo sisi watoto lugha yetu ilikuwa Kiswahili, na mpaka leo ndiyo lugha yetu sisi wawili. Kwenye runinga anazungumza Kiganda kizito, utadhani amezaliwa Mengo. Akivuka kizingiti changu anavua viatu, na Kiganda anakiacha mlangoni pamoja navyo. "Mwenzio nina njaa, umepika nini?" Namsongea ugali wa ulezi, naweka kunde za karanga, anakula mpaka anakwangua ukoko. Halafu anajitupa kwenye kitanda cha binti yangu, miguu inatokeza kwa sababu kitanda ni kifupi, na tunaongea mpaka jogoo awike. Hatuongei habari za umaarufu. Tunaongea habari za jino lake linalomsumbua, za mume wangu, za nani amefariki katika watu wa kota.

Mwaka 1996 alipoondoka kwenda Kampala alikuwa na begi moja na gauni la gomesi nililomshonea mimi, gomesi yangu ya kwanza kabisa, mabega yamekaa upande. Mwaka uliofuata treni za abiria zikasimama, kota ikatawanyika, kila familia ikashika njia yake. Sisi hatukuachana. Nina daftari lenye vipimo vyake tangu mwaka ule. Gomesi nyingi anazovaa kwenye michezo ni kazi ya mikono yangu: mita 6 za kitambaa, shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, na mabega siku hizi yanachongoka yote mawili sawasawa. Anakuja kuzichukua mwenyewe, au nampa dereva wa taksi. Hakuna anayejua nani anamshonea.

Miaka kadhaa iliyopita aliugua. Nilijua kabla hajaniambia, kwa sababu utepe ulisema: kiuno kilikuwa kimepungua inchi 5 tangu nilipompima mara ya mwisho. Nilibaki nimeushika utepe pale kiunoni, nikamtazama, naye akanitazama. Akasema, "Andika." Nikaandika. Kwa wiki tatu nilikesha nikipunguza nguo zake zote, nikaweka vitambaa vya ndani kwenye nyonga na mabega ili kamera isimshike. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Alipona, Mungu ashukuriwe.

Zamani alikuwa akija mchana. Watu wakaanza kujaa mlangoni, mume wangu akachoka, nikamwomba awe anakuja usiku. Basi, tukazoea.

Sasa kinachoniuma. Mama yangu alifariki mwaka juzi. Rafiki yangu huyu utoto wake wote alikula kwa mama yangu; mama alikuwa akimsuka nywele kwanza, mimi baadaye. Siku ya maziko hakuja. Alituma mchango mkubwa na ujumbe: "Nikija watanigeukia mimi, mama atabaki peke yake." Alikuja usiku wa siku ya tisa. Alipiga magoti kaburini na tochi ya simu, akalia mpaka sauti ikamkauka, kisha akaingia uani akaosha masufuria yote ya matanga hadi alfajiri. Mimi nilimwona. Ndugu zangu hawakumwona. Dada yangu tangu hapo anamwita "rafiki wa gizani".

Mwaka huu tena, kwenye mahojiano ya runinga, aliulizwa rafiki yake wa karibu ni nani. Alicheka, akamtaja mwigizaji mwenzake. Nilikuwa napinda pindo la sketi ya shule, wateja wawili wako kwenye benchi wanatazama. Mmoja akasema, "Kumbe wale wanapendana hivyo." Niliendelea kupinda.

Desemba binti yangu anatambulishwa. Itakuwa kwanjula ya Kiganda, maana mchumba wake ni mtu wa Mukono. Binti yangu anamwita rafiki yangu "mama mdogo", na nusu ya ada yake ya chuo cha uuguzi ililipwa na huyo mama mdogo bila mtu kujua. Ameniambia, "Mama, siku hiyo nataka mama mdogo akae upande wetu, mchana, watu wamwone." Nikapiga simu. Rafiki yangu alinyamaza kidogo, akasema, "Nitakuja usiku, wageni wakishaondoka. Zawadi yake nitaileta." Nikajibu, "Sawa." Tangu hapo usingizi umenipaa.

Dada yangu anasema jambo liko wazi: mwanamke wa gari la vioo vyeusi hawezi kuonekana na fundi cherehani. Zamani nilikuwa nambishia. Siku hizi nanyamaza. Shangazi, huyu ananilinda au ananionea aibu? Nimshikilie aje mchana, nimwache aende zake, au tuendelee kama tulivyo?

Mshonaji, Tororo

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mama. Mwanamke anayemsuka mtoto wa jirani kabla ya wake si wa kuzikwa akasahaulika kwa miaka miwili, na sikushangaa kuona kwamba barua yote imezunguka kaburi lake.

Nimeisoma mara tatu. Umeniuliza habari za rafiki yako, na nitakujibu, lakini kila nikisoma nakwama kwenye neno lako wewe. Amesema atakuja usiku, ukajibu "sawa". Alikosa maziko, na sijaona popote ulipomwambia kwamba uliumia. Amemtaja mwingine kwenye runinga, ukaendelea kupinda pindo. Karibu miaka 30 mwanamke huyu anakula jikoni kwako, na mambo matatu yaliyokukata maini hajaambiwa hata moja. Nimeambiwa mimi, ambaye hujawahi kuniona. Tutarudi hapo.

Tuanze na aibu, kwa sababu ndiyo inayokukosesha usingizi. Mimi aibu siioni. Mtu anayekuonea aibu hakupi kiuno chake ukipime siku anayojua kimepungua inchi 5. Mwili wa mwigizaji ndio duka lake. Habari za ugonjwa zikitoka, kazi inapewa mwingine kabla mwenyewe hajajua kama atapona. Alikuwa na watu wa kumpamba, alikuwa na waongozaji, alikuwa na wenzake wa jukwaani pamoja na huyo aliyetajwa kwenye mahojiano. Neno "andika" alikuja kulisema kwako. Dada yako hilo halijui, na huwezi kumwambia, kwa hiyo usimkasirikie. Anahukumu kwa anachokiona. Lakini wewe umeona mengine. Usiazime macho ya dada yako ilhali una yako.

Sasa nikueleze kitu ninachokijua kwa kukitenda mwenyewe.

Miaka ya 90 nilikuwa nikikata tiketi mlangoni kwenye jumba moja la maigizo Kampala. Enzi zile Jumapili ukumbi wa Bat Valley unajaa, Jumba la Maigizo la Taifa linajaa, watu wametoka kanisani na watoto wao na karanga zao mfukoni. Nilikuwa na rafiki kwenye kundi moja, mwanamke mpole kuliko wote niliopata kuwajua, na jukwaani alikuwa mama mkwe mkali. Siku moja nilikwenda naye sokoni. Muuza nyanya alimtazama, akazivuta nyanya zake upande wake wa meza, akasema, "Kamwombe radhi mkamwana wako kwanza." Hakuwa anatania. Alikuwa na hasira ya kweli, midomo inamtetemeka. Rafiki yangu akasema "asante mama" akaondoka, na tulipofika stendi nikaona mikono yake ndiyo inayotetemeka sasa.

Ungedhani nimejifunza. Mwaka ule ule mpwa wangu aliolewa, nikamwomba aje. Hakutaka. Nilimshikilia kwa wiki nzima, nikamwambia kama kweli ananipenda atakuja, na akaja. Alijifunga kitambaa kichwani, akapita kando ya turubai, akakaa viti vya nyuma na akina mama wa jikoni. Mshereheshaji akamwona. Akamtaja kwenye kipaza sauti. Mwanangu, harusi iliisha pale pale. Watu waliinuka, watoto wakapanda juu ya viti, mshereheshaji akamvuta mpaka katikati akataka atutukane kidogo, kama anavyomtukana mkamwana wake jukwaani. Alikataa kwa upole. Wakazomea. Akatoa maneno mawili matatu, watu wakaangua kicheko, na muda wote macho yake yalikuwa kwangu. Mpwa wangu alikuwa ameketi na bwana yake, keki mbele yao, kisu mkononi, hakuna anayewatazama. Ukifungua albamu ya harusi ile leo, picha nusu ni za rafiki yangu. Mpwa wangu hajawahi kunilaumu hata kwa utani, na ndiyo maana bado inaniuma.

Enzi zile mpiga picha alikuwa mmoja. Leo kila aliyeko chini ya turubai ana kamera mkononi. Kwa hiyo rafiki yako alipoandika "mama atabaki peke yake", usidhani alikuwa anajikweza. Alikuwa anasema alichokwisha kukiona, pengine mbele ya jeneza la mtu mwingine.

Na mahojiano yale, hebu yafikirie kwa upande wa pili. Tuseme angejibu, "Rafiki yangu ni fundi mmoja Tororo." Tororo unaijua ukubwa wake. Kesho yake bodaboda ingeshusha mtu na kamera mbele ya benchi lako, akuulize anakula nini, mume wake wa kwanza alikuwaje, ni kweli mwaka fulani aliugua? Daftari la vipimo liko rafuni, hatua mbili kutoka anaposimama huyo mtu. Jina alilolitaja ni la mwenzake wa kazi, ambaye kamera ameizoea na analipwa kwayo. Jina ambalo hakulitaja ndilo alilokuwa analichunga. Lakini naelewa kwamba masikio yako hayakusikia hivyo, na wateja kwenye benchi hawakusaidia.

Kuna jambo jingine hapa ambalo vijana wengi hawalijui. Watu wa jukwaa la nchi hii walijifunza kuficha nyumba zao kwa sababu nzito kuliko picha. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, mwandishi wa michezo na kiongozi wa sanaa katika Jumba la Taifa, alikamatwa na watu wa serikali ya Idi Amin akauawa, muda mfupi baada ya kurudi na kundi lake kutoka FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi kule Lagos. Wazee waliokuwa wakifundisha chipukizi miaka ya 90 walikuwa wameipitia miaka hiyo. Nikiwa pale mlangoni na vitabu vyangu vya tiketi nilikuwa nikiwasikia wakiwaambia vijana: mtu asijue unapolala, asijue unayempenda. Vijana waliitikia tu, hofu yenyewe hawakuwa nayo, lakini mazoea waliyachukua. Rafiki yako aliingia mikononi mwa wazee wa namna hiyo mwaka 1996, na begi moja.

Haya yote ni ya kumtetea. Kwenye maziko ya mama simtetei.

Palikuwa na njia. Kwetu mtu hazikwi bila mkesha. Usiku ule wa moto, wanawake wamejifunika mashuka na blanketi mpaka puani, nani angemtambua? Angekaa nyuma yako mpaka karibu na alfajiri, akaondoka kabla ya jua, na ungekwenda kaburini ukijua kwamba mgongo wako ulikuwa umeegemea mtu. Au angepiga simu akuulize tu: "Unataka nije au nisije?" Hakuuliza. Aliamua peke yake kipi kinafaa kwa msiba wako, halafu akatuma fedha na ujumbe. Naamini machozi ya siku ya tisa na naamini masufuria. Lakini ulimzika mama yako bila mtu uliyemhitaji, na hata ungeolewa na mfalme ungestahili kuambiwa pole kwa hilo, kwa mdomo. Hajakuambia pole kwa sababu hajui. Na hajui kwa sababu ulimfungulia mlango usiku ule ukamwonyesha masufuria yako wapi.

Nasema hivi kwa upendo, mwanangu. Watu wa nje wanamtendea rafiki yako kama nyota kwa kumvamia. Wewe umemtendea kama nyota kwa kunyamaza. Dada yako akikosa maziko ya mama ungenyamaza miaka miwili? Msichana wako wa kazi akikuudhi si unamwambia siku hiyo hiyo? Ni huyu mmoja tu unayempimia maneno kama kitambaa cha mteja tajiri, unaogopa kukata.

Halafu kuna mstari umeupita mbio. "Nikamwomba awe anakuja usiku." Nani aliomba? Wewe. Na sababu ilikuwa nzuri, mumeo alikuwa amechoka na umati, hakuna wa kukulaumu. Lakini sheria ya usiku ilitoka nyumbani kwako, naye ameishika mwaka baada ya mwaka, mpaka imefika kwenye maziko na sasa kwenye utambulisho. Je, umewahi kumwambia kwamba mlango wa mchana umefunguliwa? Inawezekana aliponyamaza kwenye simu alikuwa anangoja umwambie, "Hapana, siku hiyo njoo mchana, na baba yake binti amekubali." Akasikia "sawa". Sisemi ndivyo ilivyokuwa, simo kifuani mwake. Nasema mumeo yuko hapo nyumbani, na amewahi kuulizwa mara moja tu, zamani. Muulize leo jioni.

Sasa Desemba. Kumketisha kwenye turubai, upande wenu, watu wamwone, hapana. Usifanye nilichofanya mimi. Lakini kuja usiku wageni wakishaondoka, akute viti vinapakiwa kwenye lori na mtoto amechoka, hiyo nayo ni hapana. Mtoto aliyelipiwa ada na mtu anastahili kumwona mtu huyo siku yake.

Fikiria shughuli yenyewe inavyokwenda. Wageni kutoka Mukono watafika, wasemaji wa pande mbili watatupiana maneno saa nzima na zaidi, wasichana watatoka kwa makundi kusalimia, senga, yaani shangazi wa bi harusi, atatoka kumtafuta bwana harusi kati ya wageni. Wewe utakuwa umeketi nje na mumeo, umenyooka, huwezi kuinuka. Na muda mwingi binti yako yuko wapi? Chumbani. Anangoja, moyo unamwenda mbio, anabadilishwa nguo mara mbili, tatu, kila moja na mshipi wake na shanga zake, na nje wanaita aharakishe. Nani atakuwa naye humo ndani? Nani Uganda nzima anajua kumbadilisha mtu gomesi kwa dakika 5, gizani, bila kuharibu nywele, kuliko mwanamke aliyekaa nyuma ya pazia karibu miaka 30?

Mwombe kazi hiyo. Aje usiku kama mlivyozoea, ila aje usiku wa kuamkia, si usiku wa baada. Alale kwenye kile kitanda kifupi. Asubuhi amkute binti yako na chai. Siku nzima awe chumbani, na jioni watu wakishapungua atoke ale nanyi uani. Simu za wasichana wote watakaoingia humo zibaki kwenye kapu mlangoni, na kapu alishike mtu ambaye hachezewi. Msemaji wenu na mpiga picha waambieni mapema, ninyi wawili wazazi, kwamba mle ndani hapapigwi picha mpaka bi harusi atoke; sababu si lazima muitoe. Gari la vioo vyeusi lisifike kwenu. Lilale Mbale au Busia, aje na taksi.

Na dada yako mpe kazi mle mle chumbani. Apige pasi, ashike pini, kazi yoyote. Usimweleze kitu. Akae saa sita na mwanamke anayemwita rafiki wa gizani, amwone akipiga magoti kuweka sawa pindo la mpwa wake.

Binti yako pia una neno naye. Amesema mambo mawili kwa pumzi moja: anataka mama mdogo awepo, na anataka watu wamwone. La kwanza ni haki yake kabisa. La pili ni la watu wa Mukono, wajue ametoka nyumba gani. Hana ubaya, ni msichana anayekwenda ukweni. Mwambie tu kwamba akipata la pili atalipoteza la kwanza, na umsimulie harusi ya mpwa wangu ukitaka, nimekuruhusu.

Umeniuliza pia kama umwache aende zake. Akikataa hata chumba, akasema hata huko hawezi, baada ya kuambiwa yote, mlango umefunguliwa na mumeo amekubali, basi hapo nitamwelewa dada yako kidogo zaidi kuliko leo, na utakuwa na haki ya kuumia na kupunguza mwendo. Sidhani atakataa. Lakini huwezi kumhukumu kwa jibu la swali ambalo hujamuuliza.

Usimwambie haya kwa simu. Wewe ni fundi, naye lazima avae kitu Desemba hata kama ni cha kukaa chumbani. Mwite aje apimwe. Fungua daftari mezani, mketishe kwanza ale. Akisimama, kabla hujamzungushia utepe mabegani, mwambie habari za maziko ya mama. Zote, hata zile za kumtafuta kwa macho kati ya watu. Mwache ajibu, au alie, au akasirike. Kisha mpime. Na uniandikie Januari, nitakuwa nangoja.

Shangazi